Mdomo Uliogoma Kunyooka

Jamani, mnaojifunza kuchora, sogeeni niwaambie lililonikuta.

Kila nilipomchora mume wangu, mdomo ulitoka umepinda. Upande uleule, wa kushoto.

Na nilikuwa nimemkodolea macho kabisa!

Naitwa Hilde, mtu wa hapahapa Ghent, Ubelgiji. Nilipostaafu ushonaji nikajiunga na darasa la jioni la kuchora. Mwalimu Roeland akatupa kazi moja: chagua uso mmoja, uuchore kila siku hadi mkono uzoee.

Nikamchagua Wannes wangu. Nani mwingine angekubali kukaliwa kooni hivyo?

Akawa anakaa jikoni na kahawa yake, mimi na kipande changu cha mkaa wa kuchorea.

"Usinitoe mzee," ananiambia.

"Kwani nani kakuzeesha, mimi?"

"Kuishi na wewe si mchezo, bibie."

Tunacheka weee. Nikimaliza anaikagua picha, anaguna. "Mbona kama nimeuma ndimu?"

Darasani, Mwalimu Roeland alifundisha kizamani. Anakusogeza pembeni, anachukua mkaa wako, anarekebisha juu ya karatasi yako mwenyewe.

"Hilde, bado tu? Pembe za mdomo zikae usawa mmoja. Pima!"

Anafuta, ananyoosha. Wenzangu wote wanatazama.

Aibu niliyoisikia, acha tu.

Basi nikaanza kupiga mstari kwa rula kwanza, halafu mdomo nauweka juu ya mstari. Mkono ukitaka kushuka, naurudisha.

Picha zikapendeza. Mwalimu akanisifu mbele ya watu. Wannes akabandika moja kwenye friji, kila akichukua maziwa anajitazama.

"Mtanashati huyu, sijui kaoa nani," anasema.

Asubuhi moja kahawa ikamtiririka kidevuni. Upande wa kushoto. Wala hakuisikia.

Nikamkimbiza hospitali. Daktari, binti mpole, akamwambia, "Hebu tabasamu, mzee wangu."

Wannes akatabasamu.

Upande mmoja tu ndio ulioinuka.

"Mdomo umeanza kupinda lini?" daktari akaniuliza.

Nikazikumbuka picha zangu za mwanzo. Nikashika ukuta.

Ulikuwa uvimbe kwenye ubongo. Ulikua polepole mno, ndiyo maana sisi tuliokuwa naye kila siku hatukuona kitu.

"Mngemleta mapema kidogo..." daktari akaanza. Akaniangalia usoni, akanivutia kiti.

Sikuwa nakosea, jamani. Tangu picha ya kwanza nilikuwa nachora sawasawa. Uso ndio uliokuwa unapinda.

Tulimzika mvua ikinyesha. Mwalimu Roeland alikuja, kofia mkononi, macho mekundu.

"Hilde, mimi ndiye niliyekuwa nafuta..."

"Najua, mwalimu."

Tukashikana mikono, tukalia kama watoto.

Sasa nina picha kibao, nzuri, mdomo umenyooka kama uzi. Nazitazama zote na simwoni mume wangu hata katika moja. Inaniuma, wallahi inaniuma.

Wewe unayeanza, jifunze vipimo, msikilize mwalimu, fanya mazoezi kila siku. Lakini mkono ukikukatalia, usikimbilie kufuta. Inua macho, umtazame tena huyo aliyekaa mbele yako.

Mimi nilikuwa natazama rula.