Mitungi Sita ya Krismasi

Siku ninayoikumbuka kila Desemba inapofika, mwanangu, ni ile ambayo mama yangu aliinua mtungi wa maji na mkono wake ukapanda juu ghafla, kwa kuwa mtungi ulikuwa mtupu. Nilisimama hatua tatu nyuma yake. Umri wangu ulikuwa kama wako sasa, nywele zangu zilikuwa safi, na uongo ulikuwa tayari mdomoni.

Nakuandikia kutoka ofisini hapa Lodwar. Wenzangu wengi wamekwisha kwenda likizo, na feni inazunguka bila kuleta upepo. Jana uliniuliza kwa nini najichosha kila mwaka kwenda Kakuma kujaza mitungi sita, ilhali maduka yamejaa maji ya chupa. Ukapendekeza twende Kalokol tukale samaki kando ya ziwa kama familia nyingine. Swali lako ni la haki, nami nitalijibu bila kujipamba. Nimechoka. Mgongo unaniuma tangu Novemba, na zipo asubuhi za Krismasi ambazo sitamani kuimba wala kuonana na mtu, natamani kulala tu. Usidhani basi kwamba anayekuandikia ni mtu mwenye furaha ya sikukuu. Ni mtu anayejua kwa nini hawezi kuacha, na kujua huko kulimgharimu.

Boma la nyanya yako, kama unavyolikumbuka, lilikuwa kando ya barabara, kati ya mji wa Kakuma na kambi ya wakimbizi. Kila Krismasi, baada ya ibada ya asubuhi, Wakristo wa Sudan Kusini hutoka kambini kwa maandamano: ngoma mbele, misalaba ya mbao juu, kina mama wakiwa na nguo nyeupe na vitambaa begani. Huimba huku wakitembea juani hadi mchana. Walipofika kwenye ua wetu wa miiba walimkuta nyanya yako na mitungi sita iliyofunikwa magunia yaliyoloweshwa ili maji yapoe, na sinia la vikombe vya bati. Walikunywa, wakarudisha vikombe, wakaimba wimbo mmoja uani kwetu, kisha wakaendelea. Hiyo ndiyo ilikuwa Krismasi ya nyumba yetu. Mbuzi akipatikana alichinjwa, na chapati zilipikwa mwaka ambao unga ulikuwepo, lakini hayo yote yalikuja baada ya maji.

Desturi hiyo haikuanzia kanisani. Ilianza siku moja ya ukame nilipokuwa msichana mdogo, mama akinirudisha kutoka hospitali nikiwa na homa, kwa miguu. Maandamano yakatupita. Mwanamke mmoja akatoka kwenye mstari, akaniangalia midomo, akampa mama chupa yake yote ya maji. Hakusubiri shukrani, alikimbia kuwafikia wenzake. Jina lake, tulilolijua baadaye, ni Mama Nyibol. Mwaka uliofuata mama alikuwa pale barabarani na mtungi mmoja. Mwaka wa tatu ikawa sita.

Sasa nifikie kosa langu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikaja nyumbani na wenzangu wawili wa darasa, Njeri na Mercy, waliotaka kuiona Turkana. Nilikuwa nimewasifia nyumbani kwetu kupita kiasi, na baadhi ya sifa zile, nakiri, hazikuwa za kweli. Tulifika alasiri ya kuamkia Krismasi juu ya lori kutoka Lodwar, tumekuwa wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi visigino. Mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda kufagia kanisa, na angelala kwa dada yake mjini ili awahi ibada ya alfajiri.

"Akiru," Njeri akaniambia huku akitema, "si tuoge hata kidogo? Hii vumbi imeingia mpaka kwa meno."

Mitungi sita ilikuwa kivulini, imejaa. Mama alikuwa ameijaza kwa siku nne, akiibeba kichwani. Niliijua kazi yake vizuri kuliko nilivyolijua jina la mkuu wa chuo chetu. Lakini niliwatazama wale wasichana wawili, nikaona aibu ya kuwaambia kwamba nyumbani kwetu hakuna maji ya kuoga. Nikasema, "Ogeni tu, maji ni mengi."

Tulioga. Tukaosha nywele, tukasuuza, tukafua nguo zilizoingia vumbi. Mtungi wa mwisho ukaenda kwenye chai na wali. Nilijiambia kwamba asubuhi na mapema ningeijaza upya kwenye kioski cha maji, na mama asingejua. Kulipokucha nilikwenda na mitungi miwili, nikakuta kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kwao Lokitaung kula sikukuu.

Mama alirudi kutoka kanisani akiwa na gauni lake la buluu. Akaenda moja kwa moja kivulini, akainua mtungi.

"Akiru, maji yako wapi?"

"Mbuzi wameyaangusha."

Aliitazama ardhi. Mahali palipomwagika maji ya mitungi sita hushikana na kuwa tope; pale vumbi lilikuwa jepesi kama lilivyokuwa juzi. Kisha akazitazama nywele zangu. Ndipo tukasikia ngoma.

"Mama, usitoke," nikamwambia. "Watapita tu."

"Hawatapita tu," akasema. "Wataangalia."

Lazima nikueleze mwaka ule ulikuwaje, usije ukadhani nakuza jambo dogo. Kulikuwa na ugomvi kati ya wenyeji na wakimbizi kuhusu kuni na maji. Watu walipigwa njiani. Vijana wetu walikuwa wakimtania mama kwamba anawanywesha watu wenye mabomba kambini ilhali sisi tunachimba mchanga. Naye aliwajibu kwamba kiu haiulizi mtu ametoka wapi, akaendelea. Kwa hiyo mwaka ule watu wa pande zote mbili walikuwa wanatazama kama sinia lile litatoka au halitatoka.

Lilitoka. Mama alilibeba hadi barabarani, akavigeuza vikombe kifudifudi kimoja kimoja, ili asiwepo mtu wa kunyoosha mkono bure.

Aliyekuwa mbele alikuwa kijana mrefu mwenye ngoma, akamsalimu mama kwa Kiturkana. "Ejok, Mama Akiru! Fungua duka! Koo imekauka, wimbo inatoka kama ya punda!" Watu wakacheka.

"Leo maji hakuna," mama akasema.

"Hakuna? Na hii kiu tumeitunza toka kambini, tumekuletea wewe!"

Walicheka tena, kidogo. Kisha wakaviona vikombe. Upande wa pili wa barabara, dukani, kijana mmoja wa kwetu akapiga makofi. "Safi, mama! Wakunywe ya bomba yao!"

Mama Nyibol alikuwa katikati ya mstari na msalaba wake. Alisogea hadi mbele ya sinia, akavitazama vikombe, akamtazama mama.

"Hata wewe?" akauliza.

Mama angeweza kuninyooshea kidole. Nilikuwa pale pale, nimeshikilia nguzo ya ua. Alisema tu, "Ni mimi nimeshindwa, dada," na sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia ikiwa chini hivyo. Nami nilinyamaza. Mwanangu, miaka mingi imepita na bado ule unyamavu naujua kwa urefu wake: ulidumu tangu Mama Nyibol alipouliza hadi yule wa mwisho kwenye mstari alipopita. Hakuna aliyeimba uani kwetu. Ngoma ilinyamaza mpaka walipolipita duka.

Nilipogeuka, Njeri alikuwa amesimama mlangoni. "Kwani hayo maji yalikuwa ya hawa watu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ungetuambia tu, Akiru," akasema. "Tungekaa na vumbi yetu."

Hilo ndilo lililonivunja. Aibu niliyoikimbia haikuwepo. Niliitengeneza mwenyewe, nikailipia kwa kitu ambacho hakikuwa changu.

Mama alivua gauni la buluu, akavaa nguo za kazi, akachukua bakuli na mitungi miwili. "Twende," akaniambia. Tulikwenda kwenye laga, kwenye mto uliokauka, siku ya Krismasi, saa ambayo watu wengine walikuwa wanakula. Njeri na Mercy walitufuata bila kuitwa. Tulichimba mchanga kwa zamu hadi shimo likanifika kifuani, na maji yakaanza kujikusanya chini polepole, ya kuchotwa kwa kikombe. Mitungi miwili tu ilitumalizia mchana. Mama hakunikemea hata mara moja. Nilimwomba apumzike, akakataa. Tulipofunga vifuniko ndipo aliponiambia maneno ambayo nimeishi nayo.

"Maji nitakusaidia kubeba. Maneno utabeba peke yako."

Tulimkuta Mama Nyibol nje ya nyumba yake kambini, na majirani wake, na yule kijana wa ngoma amelala chali, kofia usoni. Hakuna aliyetukaribisha. Mama aliutua mtungi, akarudi nyuma yangu. Nikasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, kwamba mama alikuwa ameyaweka maji yao kama kila mwaka, na kwamba ni mimi niliyeyaoga na kuyafulia, na asubuhi nikasingizia mbuzi.

Mama Nyibol aliinuka, akaja, akanishika nywele.

"Hii ndiyo ilioga?"

"Ndiyo, mama."

"Ilitakata?"

"Ilitakata."

"Basi Krismasi yetu iko kwa kichwa yako. Usinyoe!"

Kina mama waliangua kicheko, hata kijana wa ngoma akaondoa kofia usoni. Lakini yeye mwenyewe hakucheka. Aliponiachia aliniambia polepole, "Mtoto, leo sisi tumelia. Watu wangu wamesema, hata yule mama ametukataa. Wamesema mwaka ingine tupite njia ingine." Akamgeukia nyanya yako. "Leta kikombe."

Wakanywa. Wakaimba ule wimbo waliotunyima asubuhi, watu saba au wanane, sauti zimekwisha kukwaruza kwa siku nzima, na kijana akapiga ngoma juu ya mtungi mtupu. Jua lilikuwa bado halijatua. Nyanya yako aliimba nao bila kujua hata neno moja la wimbo wenyewe.

Ningependa kukuambia kwamba yote yalirudi kama zamani. Hayakurudi. Mwaka uliofuata walipita kwetu, lakini si wote. Wapo waliozungukia nyuma ya soko, na baadhi yao hawakukanyaga tena uani kwetu hadi walipoondoka Kakuma. Walisikia kwamba vikombe viligeuzwa, na habari kwamba niliomba radhi haikuwafikia. Msamaha huenda kwa miguu, mwanangu, na wakati mwingine huchelewa.

Sasa nyanya yako amelala kaburini. Mama Nyibol alirudi kwao ng'ambo ya mpaka, na sijui kama yu hai. Maandamano bado yapo. Mwaka jana msichana mmoja alikipokea kikombe changu akaniuliza nauza shilingi ngapi. Nikamwambia siuzi. Akanishangaa, akanywa, akanirudishia. Ndiyo maana sinunui chupa. Mtu akipewa chupa huondoka nayo. Akipewa kikombe husimama mpaka amalize, kwa sababu mwingine anakisubiri, na katika kusimama huko hutazamana na aliyempa. Nyanya yako hakuwa na kingine cha kuwapa zaidi ya huko kusimama pamoja.

Sikuagizi uje Kakuma mwaka huu. Nenda Kalokol ukitaka, ule samaki, ufurahi. Ninachokuomba ni hiki. Utakapokuta kitu kimewekwa kando katika nyumba yoyote, yako au ya mwenzio, uliza kwanza kimewekewa nani kabla hujakigusa. Usiogope wageni wakuone jinsi ulivyo. Wengi wao wako tayari kukaa na vumbi lao. Ukikosa, usiache jua litue mwingine akiwa amebeba kosa lako; nenda ulitamke kwa kinywa chako, mbele ya wale wale walioumizwa. Na siku ile itakapofika ambayo mitungi hii itakushinda, kama inavyokaribia kunishinda mimi, usigeuze vikombe kimya kimya. Toka barabarani uwaambie watu kwamba umechoka, ili wasije wakadhani umewakataa.

Wazee wetu wanapobariki huuliza, na walioketi hujibu kwa pamoja. Mimi niko peke yangu na feni hii, basi nitauliza na kujijibu mpaka utakaponisaidia. Mvua ipo? Ipo. Amani ipo kwenye njia utakayopita? Ipo. Wapo watakaokutolea kikombe mahali ambapo hawakujui jina? Wapo. Na wewe, mwanangu, utakuwepo?

Jibu ukifika Kakuma, mwaka wowote.