Spana Chini ya Kiti

Kwetu uwanjani Lubumbashi, fundi aliyetengeneza ndege ndogo ya mafunzo ya jeshi lazima apande nayo kwenye jaribio la kwanza, kando ya rubani. Tukiwa angani nilipapasa mfuko: spana haimo! Nilikuwa nimeisahau chini ya kiti, penye nyaya za usukani. Ikinasa pale, tumekwisha. Lakini aibu ilinifunga mdomo.

"Chef, leo tusipinduke juu chini, nakuomba," nikamwambia rubani.

Akacheka. "Iko kazi yako mwenyewe, unaogopa nini?"

Akaipindua ndege. Kilima cheusi cha mabaki ya shaba cha mjini kwetu kikaning'inia juu yetu, na spana ikaanguka kwenye kioo cha paa, karibu na kichwa chake. Akaitazama, akanitazama.

"Ulijua?"

Nami, mjinga mimi, nikanyoosha mkono, nikairudisha mfukoni.