Homa ya Giaboksi

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nisipolitaja mimi atalitaja shangazi. Gari ya Baba iliwahi kupata homa, na homa ile niliizua mimi.

Ni gari kubwa ya safu tatu za viti. Ilikuja kutoka Japani imeshatumika, na mpaka leo inazungumza Kijapani: ukiiwasha, mwanamke mmoja ndani ya dashibodi anatoa hotuba fupi, na Baba, mtu wa adabu zake, humjibu, "Ahsante." Gari hiyo ndiyo kazi yake. Anawapokea wageni uwanja wa ndege, anawapeleka hoteli za Nungwi na Paje. Vichochoroni kwetu Mji Mkongwe haiingii, inalala nje huko, na Baba huenda kuitazama kila asubuhi kabla hajanywa chai.

Binamu yangu anayekaa Maskati alituletea kidude kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma habari za gari kwenye simu. Nikakiunganisha na simu yangu, nikaona jambo ambalo dashibodi yetu haionyeshi: joto la mafuta ya gia. Nilisoma habari zake bila ya kulazimishwa na mwalimu yeyote, jambo ambalo skuli kwetu hawataliamini. Mafuta yakiwa kwenye nyuzi themanini mpaka tisini na tano, gari nzima. Yakipita mia na kumi, anza kuwa na wasiwasi. Yakipita mia na ishirini yanaanza kuungua, na giaboksi inakufa taratibu bila ya kukupigia kelele. Dereva mmoja wa Kiembe Samaki ilimfia hivyo hivyo. Ndani ya gari yake sasa wanalala kuku.

Hayo niliyajua. Nilichomwambia Baba ni kwamba gari ni kama mwanaadamu, ikizidi thelathini na saba na nusu ina homa.

Akaniamini. Siku nne alikuwa akisimama njiani kuipumzisha. Pale Mtoni, karibu na magofu, alifungua boneti akaipepea kwa gazeti, na wageni wake wawili wakateremka kumpiga picha. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nimeuma kola ya shati nisicheke. Siku ya tano fundi akamwambia ukweli. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Kuanzia leo, nambari yoyote inayotoka kinywani mwako siitaki. Hata ya saa."

Na hakutania. Nikimwambia saa nane, anamuuliza Mama.

Ndiyo tukafika kwenye harusi ya dada yangu, anayeolewa Tunguu. Gari ya bibi harusi ni ya Baba, na mapambo ni ya shangazi. Alifunga satini nyeupe kuanzia boneti mpaka taa, kisha mbele, juu ya shoo, zile mbavu zinazoingiza upepo, akabandika moyo mkubwa uliochongwa kwa ile takataka nyeupe ya maboksi ya samaki. Katikati ya moyo, herufi mbili za dhahabu, ya bibi harusi na ya bwana harusi. Pembeni asumini.

"Shangazi, hapo pasizibwe."

"Wewe unajua mapambo?"

"Sijui mapambo, najua upepo. Nyuma ya hapo kuna karejeta kadogo kanakopoza mafuta ya gia. Ukikaziba..."

"Na kinywa chako nani atakiziba?"

Tukaondoka baada ya alasiri, watu wanane ndani. Kipoza hewa kilifunguliwa mpaka mwisho ili bibi harusi asitoke jasho usoni. Mbele yetu beni ya tarumbeta ilipanda pikapu, nayo ilikwenda mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Mimi nilikaa mbele pembeni ya Baba, simu mkononi.

Kufika Mwanakwerekwe nikasema, "Baba, mia na nne."

"Sindano ya joto ipo katikati."

"Hiyo ya maji ya injini. Mafuta ya gia hayana sindano."

"Ushaanza."

Mia na kumi na tatu. Nikamgeukia dada, nikidhani yeye atanisemea. Alikuwa amejifunika shela, sauti ikatoka humo ndogo kabisa: "Leo tu. Nakuomba, leo tu usifanye." Sijawahi kuwa mkweli kama siku ile, na sijawahi kuombwa niache.

Mia na kumi na tisa. Nikamsogezea Baba simu.

"Simu hiyo ndiyo iliyonambia gari ina homa," akasema.

"Simu haikusema. Nilisema mimi."

"Basi hivyo hivyo."

Yule mwanamke wa Kijapani naye akasema neno. Sijui alisema nini, lakini hakuwa na kawaida ya kusema katikati ya safari. Shangazi akapiga kigelegele. "Hata yeye anampongeza bibi harusi." Labda tungesikia harufu ya mafuta, lakini shangazi alikuwa ameifukiza gari udi tangu asubuhi. Ungeweza kuchoma soli ya kiatu ndani mle mtu asijue.

Beni ikasimama njia panda kupiga wimbo mzima. Na sisi tukasimama nyuma yake, kipoza hewa kinanguruma. Mia na ishirini na tano. Nikafikiria wale kuku wa Kiembe Samaki.

Nikafungua mlango nikashuka, nikaushika ule moyo kwa mikono miwili nikauvuta. Ulikatika katikati. Herufi ya dada ikabaki mkononi mwangu, ya shemeji ikaanguka barabarani, na mpiga video akasogea kupata vizuri. Nikang'oa na satini. Ndani, dada alikuwa analia, wanja unashuka.

"Mtoto huyu ana shetani," alisema shangazi.

Baba alishuka. Alinishika sikio akanipeleka safu ya mwisho, nikakaa na masanduku ya mavazi. Kutoka huko nilitazama simu peke yangu. Upepo ulipoanza kupita: mia na kumi na sita, mia na tano. Tulipoingia Tunguu, tisini na nne. Nani ningemwambia? Ningenyamaza, gari ingekufa njiani na mimi ningekuwa mkweli. Imepona, kwa hiyo nimeharibu harusi ya watu. Shangazi anayo video. Kila mgeni anayekuja kwake anawekewa chai na mimi.

Wiki iliyofuata nilimkuta fundi anamwaga mafuta ya gia ya Baba kwenye debe, meusi kama kahawa, yananuka kuungua. Nikamtazama Baba. "Wakati wake ulifika tu," akasema.

Juzi wamekuja watu kuiazima gari yetu kwa harusi nyengine. Wapambaji walikuja na moyo wao, Baba akawazuia. "Maua juu ya paa. Mbele msiguse."

"Kwa sababu ya mafuta ya gia, Baba?"

"Kwa sababu ya picha. Yakiwa juu yanaonekana."

Akaingia, akawasha gari. Yule mwanamke akatoa hotuba yake.

"Ahsante," Baba akamjibu.