Alokata Springi ni Kassim

Mtu akitaka gari lake liende kasi, wa mwisho kumuuliza ni Kassim.

Leo shemeji yangu kaja kwangu hapa Likoni, uso mzima meno. Kakata springi za kigari chake, sasa kimelala chini.

"Kassim kaniambia hii ndiyo hatua ya kwanza."

Kassim. Subhanallah.

Nyinyi vijana hamumjui. Miaka ya tisini na yeye alikata zake kwa msumeno wa chuma, akafunga ekzosi nene kama mtungi. Eti gari likiwa chini linashika barabara.

Barabara gani, na mtu anavuka feri kila siku?

Asubuhi moja maji yalikuwa yamekupwa, na yakikupwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali. Kassim kashuka kwa mbwembwe, miwani nyeusi usoni. Tumbo la gari likakwama mlangoni mwa feri. Tairi za mbele ndani, ekzosi imeng'oka, iko nje.

Feri nzima ikamngoja bingwa.

Mama mmoja mwenye kapu la samaki akamwambia kwa upole, "Mwanangu, shuka watu walibebe."

Tukalibeba. Wenzangu mliokuwepo, semeni kama naongopa.

Nilipomaliza kumhadithia, shemeji kageuka kukitazama kigari chake. Kisha akasema polepole:

"Nilimwambia Kassim kesho nitamvusha mjini na gari. Akasema siku hizi anapenda kuvuka kwa miguu."