Nilisubiri Nauli ya Ndege Ishuke

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa na shule ikaniishia. Dada yangu akanilea kwa kuuza mihogo.

Mwaka jana akalazwa hospitalini Kisumu, akataka anione. Mgongo wangu hauwezi tena safari ya basi kutoka Nairobi, kwa hivyo binti yangu akatafuta ndege za bei nafuu kwenye simu. Nauli ilikuwa elfu tatu na mia tano.

"Lipa leo, Baba. Viti vya bei hiyo ni vichache."

"Wacha kwanza. Mteja akiondoka, muuzaji humwita ampunguzie."

Ndivyo nilivyofanya biashara mtaani River Road maisha yangu yote. Kesho yake nauli ilikuwa elfu sita, kisha elfu kumi na moja.

"Baba, hiyo ni kompyuta. Haioni kama umeondoka!"

Pesa nilikuwa nazo. Nilikataa tu kushindwa bei. Siku ya nne dada akafa, nami nikalipa elfu kumi na tatu kwenda kumzika.

Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, nyumba sita za kupangisha Dagoretti, pikapu na ng'ombe wawili. Dada sina.