Usifukuze Faili Usiyoijua

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoiua kompyuta ya mjane, na kumbe nilikuwa nimeitwa niiponye.

Nilikuwa nimetoka tu kuhitimu masomo ya kompyuta katika shule ya jioni, katikati ya jiji. Cheti changu kilikuwa na muhuri mkubwa kama sahani ya ugali, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kuushinda. Mtaa wetu mzima wa Satellite ulijua nimesoma. Nilihakikisha hivyo mwenyewe.

Jirani yetu Mama Wanjiku alikuwa amefiwa na mumewe. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, mazishi yalikuwa Ijumaa, na wajua kwetu hatuziki bila kijitabu chenye historia ya marehemu na picha zake. Picha zote zilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani, pamoja na ile moja ambayo Baba Wanjiku anacheka (mzee yule alicheka mara moja kila uchaguzi). Mchapishaji alizitaka kabla ya saa kumi. Kompyuta nayo ilikuwa inajikokota kama kinyonga mwenye malaria.

"Mwalimu, nitolee picha tu," Mama Wanjiku akaniomba.

Picha tu! Ningezinakili, kazi ingekuwa imeisha. Lakini msomi mpya haambiwi "tu". Nikaingia folda za ndani kabisa, huko mfumo wenyewe unakokaa, nikakuta faili zenye majina yasiyo na irabu, kama mtu anapiga chafya. Sikuijua hata moja. Nikasema, virusi hivi! Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Ilikuwa na adabu kunishinda. Nikafuta kumi na nne. Nilipoizima na kuiwasha, kioo kikabaki cheusi.

Mama Wanjiku hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na ile ya kucheka?"

Afadhali angenichapa, mwanangu.

Nikalibeba lile sanduku la kompyuta hadi mjini, yeye nyuma yangu, kwa Mzee Athumani, fundi kutoka Mombasa aliyekuwa na meza yake ghorofani nyuma ya maduka ya vitambaa. Akaitazama.

"Nani kaitibu hii?"

Mama Wanjiku akanisonta kidole. "Huyu. Ana cheti cha shule ya jioni."

"Hiyo shule yenu ya jioni," mzee akaniuliza, "mlisoma gizani, stima ilikuwa imepotea?"

Akaichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake nyingine, na picha zikatokea zote, Baba Wanjiku akicheka katikati yao. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kabla ya kugusa kitu kingine, mzee akazinakili. Kisha akamgeukia mjane.

"Mama, huko matangani haji mtu usiyemjua?"

"Wengi! Jana alikuja mzee mmoja, simjui kabisa. Kumbe ndiye aliyemfundisha mume wangu useremala."

"Hukumfukuza?"

"Nitamfukuzaje? Nilimuuliza ametoka wapi, na nani anamjua."

"Umesikia, kijana? Wewe umefukuza wazee wa ukoo kumi na wanne, na mwizi umemwacha mezani anakula."

Akanionyesha faili moja niliyoiacha kwa sababu jina lake nililijua tangu darasani. Jina zuri la mfumo. Lakini ilikuwa imejikalia kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, mahali ambapo mwenye jina hilo hakai kamwe, na haikuwa na sahihi ya mtengenezaji yeyote. Programu ya kukagua virusi ilipoipitia, ikapiga yowe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tukamfikia mchapishaji saa kumi kasorobo. Ijumaa, yule mzee seremala alikishika kijitabu, akaitazama picha ya mbele, akasema, "Eeh. Huyu ndiye ninayemjua."

Sasa leo umeniandikia kwamba umekuta faili ngeni na kidole kiko tayari kufuta. Kiondoe, mwanangu. Asiyekujua hakuthamini, na wewe huijui. Jina lisikutishe, wala lisikutulize. Uliza kama Mama Wanjiku: inakaa wapi? Nani kaitengeneza, na sahihi yake ipo? Wanaojua kazi hii wanasema nini juu yake? Ipitishe kwenye ukaguzi wa virusi. Ukibaki na shaka, itenge kwenye karantini, usiifute, maana aliye kando huweza kurudishwa. Na kabla ya yote hayo, nakili kile ambacho ukikikosa utalia. Usione haya kutojua. Mimi nilikuwa na muhuri wa sahani nzima na sikujua.

Mungu akupe mikono ya upole na subira ya kumuuliza mgeni kwao ni wapi. Na kila anayecheka katika picha zako, asipotee kwa ajili ya kiherehere cha mtu.