Shimo Moja Kilimani Kondoa

Mimi ni mtu wa Chang'ombe, Dodoma mjini, niliyekulia kwenye vyuma chakavu. Ukinipa mayai kumi nitayahesabu, halafu nitayahesabu tena, kwa sababu mara ya kwanza huwa nahesabu kwa furaha. Miaka michache iliyopita bei ya shaba ilinifanya niache kuisubiri ifike kwangu ikiwa waya. Nikaifuata ilikozaliwa, milima ya Kondoa, nikiwa na binti mmoja mjiolojia aliyemaliza chuo na kugundua kwamba ofisini hakuna mawe ya kutosha.

Kilima tulichokipenda kilikuwa cha bibi mmoja wa Kirangi. Chini kulikuwa na korongo kavu lenye vijiwe vya kijani hapa na pale. Katikati kulikuwa na shamba lake la mbaazi, na juu miamba mitupu. Kijani kile ni kutu ya shaba: mvua na hewa vikiugusa mwamba wenye shaba, unaota kijani kama birika la zamani. Kwa hiyo shaba ilikuwepo. Ila ilikuwepo wapi?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmekuja kuchimba."

"Mashimo matatu tu, bibi."

"Moja."

"Basi tukutane katikati, mawili."

"Moja, mwanangu. Mkikosa, mnakunja turubai lenu mnashuka."

Sokoni kila mtu hupanda kidogo, hata kwa aibu. Bibi huyu hakupanda. Na alikuwa na haki: vilima vile ukishaufungua udongo, mvua inauchukua wote. Shamba la jirani yake lilishakuwa korongo la kumeza ng'ombe. Alizokuwa nazo ni zile mbaazi.

Shimo ni moja, hivyo lisingechimbwa kwa kubahatisha. Mjiolojia akanieleza njia. Mawe hubanduka kwenye mwamba mama yakaviringika kushuka. Unapanda korongo, kila hatua ishirini unahesabu mawe ya kijani. Yakiongezeka, unamkaribia mama. Yakikatika ghafla, umempita.

"Yaani kazi yenyewe ni kuhesabu?"

"Kuhesabu tu."

Nusura nimkumbatie.

Tukaanza chini. Mawe manne. Saba. Tisa. Kwenye ukingo wa chini wa shamba, kumi na tisa! Nikarudia, kumi na tisa yale yale. Tukakatisha shambani moja kwa moja hadi juu yake: mawili. Korongo lenyewe, kwenye ule ukingo wa chini, lilikuwa limekata kushoto kuzunguka kilima, lakini hatukulifuata. Ulifuatie nini wakati jibu unalo mkononi? Mjiolojia akapigilia kigingi katikati ya mbaazi. Zilikuwa zimetoa maua. Nilijifanya naangalia daftari.

Bibi akaja, akakitazama kigingi muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mmefikaje hapa?"

Nikamsomea hesabu zangu kama mtu asomaye matokeo ya mtihani wa mwanawe. Nilipofika kumi na tisa akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Umehesabu ukuta wangu!"

Kumbe chini ya shamba kulikuwa na kuta za mawe za kuzuia udongo, alizozijenga na marehemu mumewe kwa mawe aliyoyaokota kule chini korongoni. Mvua zilikuwa zimezibomoa kidogo, mawe yakadondokea korongoni.

"Hayo hayakuviringika," alisema akijifuta machozi. "Yalipanda kichwani mwangu."

Mjiolojia akawa mwekundu kuliko vumbi la pale. Chuoni walimfundisha mito, upepo na matetemeko. Hakuna aliyemfundisha kichwa cha bibi.

"Sasa bibi, mengine yaliyobaki?"

"Hayo simo. Hayo ni ya Mungu."

Akashuka nasi korongoni, akanionyesha ya kwake moja moja, kila moja na malalamiko ya uzito wake. Nikayatoa. Yakabaki kumi. Safari hii tulifuata korongo kushoto. Kumi na mbili. Kumi na sita. Ishirini na moja. Halafu hakuna. Nikarudi nyuma, nikapanda tena: hakuna. Tulikuwa nyuma ya kilima, kwenye kipara ambacho hata mbuzi alikuwa anapita tu.

Tukachimba hapo. Siku ya kwanza tulipata jasho. Siku ya pili nyundo ya mjiolojia ilipasua jiwe jeupe, na ndani yake mlikuwa na mshipa, kijani pembeni, manjano yenye kung'aa katikati.

"Kijani ni ngozi tu," akasema. "Hii manjano ndiyo nyama."

Bibi akachungulia.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, bibi."

"Mbona nyembamba?"

"Upana wa kiganja kimoja, lakini inashuka chini."

Akaguna. Macho yake yalishahamia kwenye lundo la mawe tuliyoyatupa. Akaokota moja bapa, akaligeuza, akalipima mkononi.

"Haya hamyataki?"

"Hayana kitu, bibi. Chukua yote."

Ndilo neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kutamka katika mapatano. Aliketi kwenye kivuli akielekeza kwa kidole, na sisi, wavumbuzi wa shaba, tukayabeba hadi shambani, yeye akiyakataa yale ya mviringo. Jua lilipozama ukuta wa mbaazi ulikuwa umerefuka hatua sita, na shimoni hakuna aliyekuwa ameshuka tena.